Baba amestaafu, baraza ya kahawa imekufa baada ya wiki tatu: tuanzeje upya?

SWALI: Baba yangu ni mwalimu, alistaafu mwaka jana akiwa na miaka 60. Tunaishi Tanga, Ngamiani. Mpaka leo anaamka saa 11 alfajiri, anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, halafu anakaa sebuleni mpaka mchana. Mtaani kuna wastaafu wengine saba, kila mmoja kwake. Tuliwaalika waje kunywa kahawa asubuhi uani kwetu. Mama alipika kahawa na vitumbua, kila mtu akafurahi. Wiki ya kwanza walikuja wote, ya pili wanne, ya tatu akaja mmoja, basi. Hakuna aliyegombana na mtu. Tulikosea wapi, na tufanyeje? Baba ana presha, na mwenzake mmoja ana kisukari anachoma insulini.

JIBU: Dada, kwanza mfikishie Mwalimu shikamoo zetu.

Kahawa ya mama haikuwa na kosa. Mlikosea mahali, na mlikosea mlipaji. Mlichofanya ni kualika watu nyumbani kila siku, na mtu aliyealikwa ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hao wameikulia methali hiyo. Wiki ya kwanza walikuja kuitikia mwaliko. Ya pili wakaanza kujiuliza: unga, mafuta na mkaa ni vya nani, na huyu mama anaamka saa ngapi kutupikia? Mtu aliyelisha familia yake miaka 35 hawezi kulishwa na jirani kila asubuhi asione haya. Na mwenye haya hasemi neno, hupunguza tu kuja. Ndiyo maana hamkusikia ugomvi wowote.

Kosa la pili ni ua. Katika nyumba za zamani za Unguja, Lamu, Mombasa na Pangani, baraza ni kile kikalio cha mawe au saruji kilichojengwa nje, ubavuni mwa mlango. Kilijengwa ili mwenye nyumba apokee wanaume wenzake bila wao kuingia ndani kwenye faragha ya familia. Faida yake kubwa ni kwamba mtu anaketi bila kupiga hodi na anaondoka bila kuomba ruhusa. Uani kwenu kuna nguo zimeanikwa, mama anaosha vyombo, wajukuu wanatafuta soksi za shule. Mzee wa watu afike hapo apige hodi, asubiri, akaribishwe, kila siku ya Mungu? Atakuja mara tatu, kisha atasema ana shughuli.

Kabla ya kupanga lolote, elewa kwanza baba amepoteza nini. Mshahara umegeuka pensheni, hilo anaweza kulipangia. Wanafunzi wa kufundisha atawapata hata mtaani akitaka. Kinachouma zaidi ni kwamba zamani, ikifika saa 2 asubuhi hajaonekana ofisi ya walimu, kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mwalimu yuko wapi leo?" Sasa anaweza kukaa ndani siku nne na dunia isiulize. Shati analolipiga pasi ni la kwenda mahali anapotarajiwa. Baraza nzuri ya wastaafu ni ile inayogundua asubuhi hiyo hiyo kwamba mmoja hayupo. Haya yote yanayofuata, kuanzia kimo cha kikalio hadi idadi ya vikombe, yanatumikia jambo hilo.

Mahali

Tafuteni sehemu ya upande wa barabara ambayo mtu yeyote kati ya wanane anaifikia bila hodi, na kwa mwendo usiozidi dakika 10 hadi 15 za mzee. Mbali zaidi ya hapo, magoti yakiuma siku moja atabaki nyumbani, na kesho yake itakuwa rahisi zaidi kubaki.

Kivuli kwanza. Asubuhi jua linatoka upande wa bahari, kwa hiyo ukuta unaotazama magharibi unakuwa na kivuli mpaka karibu saa 5. Watu wengi huchagua baraza jioni, wakati upande wa mashariki ndio wenye kivuli, halafu asubuhi wanashangaa wanaungua. Nendeni mkatazame saa 2 asubuhi. Kama mtakaa chini ya mti, mwarobaini unafaa. Mwembe una kivuli kizuri ila msimu wa embe unaleta nzi na matunda ya kuangukia watu. Chini ya mnazi msikae kabisa.

Kikalio kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48. Baraza nyingi za zamani ni za chini kuliko hapo, na mzee mwenye magoti mabovu anaweza kukaa lakini kunyanyuka ni shughuli; akishaomba kushikwa mkono mara mbili mbele ya wenzake, ya tatu haji. Namna ya kupima: akiketi, nyayo zote zikanyage chini na mapaja yalale sawa. Ikipungua, ongezeni mto mgumu wa sentimita 5 au mkeka uliokunjwa. Nyuma kuwe na ukuta wa kuegemea. Mkitumia viti vya plastiki, vichagueni vyenye mikono, kwa sababu mzee husukuma mikono hiyo anaponyanyuka.

Sasa choo. Jambo hili huua baraza kimyakimya kwa sababu hakuna mzee atakayelitaja. Wengi wenye presha wanameza dawa zinazokojoza, nazo humezwa asubuhi. Wanaume waliovuka 60, wengi tezi dume imeanza kuwasumbua. Ongeza vikombe vitatu vya kahawa juu yake. Bila choo cha karibu, mzee atakuja, atakaa dakika 40, ataondoka, na mwishowe ataacha kuja. Ongeeni mapema na mwenye nyumba ya karibu, choo kiwe cha mwendo wa dakika moja, kisipitie sebuleni kwa watu, kiwe na maji, ndara na mwanga. Gharama ya maji na sabuni itoke kwenye mfuko wa baraza ili kibali kisije kikachosha.

Na paa. Tanga masika ni kama Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mkikosa kukutana wiki mbili kwa mvua, mazoea yanakatika na hamtayarudisha kirahisi. Kama baraza yenu haina paa pana, tajeni tangu mwanzo ukumbi au kibanda cha pili, kila mtu ajue: mvua ikinyesha, tupo pale. Asilazimike kupiga simu kuuliza.

Saa na siku

Saa 1:30 hadi saa 4 asubuhi. Kabla ya hapo kuna swala, wajukuu wa kupeleka shule, chai ya nyumbani na dawa. Baada ya saa 4 jua limekuwa kali na watu wana benki, soko na hospitali. Mwisho uwe na saa yake kama mwanzo ulivyo nayo, maana baraza isiyo na mwisho huzaa wanaoshinda hapo mpaka adhuhuri, na wake zao wataanza kuichukia.

Kutaneni siku sita kwa wiki. Mtu atakwambia anzeni na Jumanne na Alhamisi, mimi sikubaliani. Kikao cha mara mbili kwa wiki kinahitaji kukumbukwa, na anayekosa kimoja amekosa nusu ya wiki. Cha kila siku hakikumbukwi, mtu anatoka tu kama alivyokuwa akitoka kwenda kazini. Siku ya mapumziko kubalianeni wenyewe. Mtaa wenye Waislamu wengi hupenda Ijumaa, wenye Wakristo wengi Jumapili. Ramadhani hamisheni kikao kizima usiku baada ya tarawehe, hata wasiofunga waje saa hiyo hiyo, na kabla mwezi haujaisha tangazeni siku ya kurudi asubuhi. Mkisema "tutarudi baada ya Idi" bila kutaja siku, mtapoteza watu.

Idadi nzuri ni kati ya sita na kumi na wanne. Chini ya watano, wawili wakisafiri baraza imefungwa. Juu ya kumi na tano mazungumzo yanagawanyika makundi mawili, na wasiosikia vizuri wanaachwa pembeni. Nyinyi wanane mko pazuri.

Kahawa yenyewe

Ushauri wangu wa kwanza ni mpateni muuza kahawa wa mtaani, yule anayezunguka na dele, yaani birika la kahawa, juu ya jiko akigonganisha vikombe. Kubalianeni naye afike saa 1:40 kila siku, apate wateja wanane wa uhakika, na mlipe kwa wiki. Hamtapika, hamtaosha, hamtanunua mkaa, na kijana anapata riziki yake. Ugumu wake ni kwamba akiugua au akipata wateja wengi zaidi kwingine, mnabaki mnatazamana. Pia chunguzeni maji ya kusuuzia vikombe. Ndoo moja inayosuuza vikombe vya mtaa mzima tangu alfajiri ni njia ya kuhara na homa ya matumbo. Kila mmoja awe na kikombe chake, naye amimine tu.

Mkiamua kupika wenyewe, hesabu ni hii. Kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono kinabeba kama mililita 60. Watu wanane mara vikombe vitatu ni lita moja na nusu kasoro kidogo. Wekeni maji lita 2, kwa sababu kahawa ya unga inafyonza maji karibu mara mbili ya uzito wake na mvuke unachukua yaliyobaki. Kahawa iliyotwangwa ni gramu 120, yaani gramu 60 kwa lita. Tangawizi mbichi gramu 40, kama vidole gumba viwili. Hiliki kumi. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 5 za kahawa, lakini vijiko vinatofautiana. Pimeni gramu 120 mara moja kwa mizani ya dukani, mimineni kwenye kopo, wekeni alama ya kisu pale ilipofika, na kuanzia hapo mpimo ni kopo.

Pondeni tangawizi, ichemke peke yake dakika 10. Punguzeni moto kabla ya kutia kahawa, la sivyo povu linapanda na kumwagikia jiko, na harufu nzuri yote inaenda na moshi. Itokote polepole dakika 8 hadi 10. Hiliki iliyopondwa iingie dakika mbili za mwisho, maana ikichemka sana inabaki ladha ya maganda tu. Epueni, nyunyizeni maji baridi robo kikombe, acheni dakika 5 machicha yashuke chini. Kisha mimineni kwenye dele kwa kitambaa safi cha pamba, na dele likae juu ya makaa yaliyofifia, lisichemke tena. Kahawa inayochemka tena na tena kwa saa mbili inakuwa kali ya kukwangua koo, na wanaochelewa ndio wanaopata hiyo.

Kahawa ipi? Ya Bukoba ni robusta, nzito na chungu. Ya Kilimanjaro na ya milima ya Usambara hapo juu yenu ni arabika, laini zaidi na yenye harufu. Kwa wazee tofauti hii si ya ladha peke yake. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa kipimo nilichotoa, kikombe cha mililita 60 cha arabika kina takriban miligramu 40, cha robusta karibu 80. Mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizidi miligramu 400 kwa siku, na huyo hana presha. Tumieni arabika, au changanyeni sehemu mbili za arabika na moja ya robusta mkitaka uzito ule wa kijiweni.

Kwa siku sita mtatumia gramu 720, kwa mwezi kilo 3 na kidogo. Mkinunua mbichi nunueni karibu kilo 4, kwa kuwa kahawa hupoteza hadi karibu moja ya tano ya uzito ikikaangwa. Kaangeni nusu kilo kwa mkupuo, moto wa wastani, mwiko usisimame, dakika 15 hadi 20. Buni zitapasuka kwa mlio. Endeleeni mpaka ziwe kahawia iliyokolea na ganda lianze kung'aa mafuta, hapo zimwageni kwenye ungo mara moja. Zikiachwa kwenye kikaango zinaendelea kuungua hata kama jiko limezimwa. Zitwangeni zikipoa, chembe ziwe kama sukari. Zikiwa laini kama unga hazitatulia chini na kila kikombe kitakuwa na matope. Twangeni ya wiki moja tu, hifadhini kwenye kopo linalofunga.

Hakuna sukari ndani ya kahawa. Utamu uko pembeni: kashata, tende, halua siku za heri. Na vitumbua, dada, viacheni kabisa. Vilikuwa vitamu, ndiyo maana vilitia watu deni.

Nani analipa

Kila mtu sawa, na kidogo. Jumlisheni kahawa, tangawizi, hiliki, mkaa, kashata, sabuni na gazeti moja kwa siku kwa bei za sokoni kwenu, ongezeni sehemu moja ya kumi, gawanyeni kwa wanane. Changeni mara moja kwa mwezi, ndani ya siku tatu baada ya pensheni kuingia, si kila asubuhi. Mchango wa kila asubuhi unamwaibisha aliyeishiwa. Baba kama mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Wengine, waliofanya kazi sekta binafsi, watakuwa NSSF. Na huenda mmoja hana pensheni yoyote. Huyo msimsamehe mchango hadharani. Mpeni kazi yenye thamani, kama kununua mkaa sokoni au kukaanga kahawa, na hiyo ihesabiwe kuwa mchango wake. Mweka hazina awe mmoja, daftari libaki barazani, likifunguliwa na yeyote.

Na msiunde kikundi. Msiwe na katiba, wala mwenyekiti, wala sare. Mkishakuwa na katibu mtakuwa na mkutano, mkishakuwa na mkutano mtakuwa na uchaguzi, na wazee waliokuja kupumzika watarudi kwenye mambo waliyostaafu. Wakitaka chama cha kufa na kuzikana, kianzishwe siku nyingine, mahali pengine, kwa daftari lingine. Pesa kubwa na kahawa visikae kwenye sinia moja.

Presha, kisukari na dawa

Baba anaweza kunywa kahawa kama presha yake inadhibitiwa kwa dawa. Vikombe viwili vidogo vinatosha, na kama vipimo vyake bado vinapanda na kushuka, amuulize daktari kwanza. Kahawa hupandisha presha kwa muda, kwa hiyo kama kuna mashine ya kupimia barazani, ipimwe kabla ya kikombe cha kwanza. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Waliomaliza kunywa wasubiri angalau dakika 30. Ikionyesha 180 kwa 110 au zaidi, apumzike, apimwe tena. Ikibaki hapo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuchanganyika, msisubiri kupima mara ya pili, tafuteni gari.

Kahawa ya kuchemshwa na machicha yake inaongeza lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu kuliko iliyochujwa kwa karatasi. Mwenye shida hiyo apate kikombe kimoja, au yake ichujwe kwa karatasi.

Mwenye kisukari ana hatari mbili zinazokinzana. Ya kwanza inajulikana: kashata moja ya gramu 30 karibu nusu yake ni sukari, sawa na vijiko vya chai vitatu hadi vinne, na mkono barazani huenda sahanini bila kuhesabu. Sahani ya karanga za kukaanga au korosho iwe karibu naye, kwa ajili ya wote, isiitwe "ya mgonjwa". Ya pili husahaulika: anayechoma insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamidi, akija bila kula sukari yake inaweza kushuka sana. Baraza si mahali pa kufungua kinywa. Ale kwanza nyumbani. Mkimwona anatoka jasho la ghafla, anatetemeka au anajibu mambo yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, subirini dakika 15, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kopo dogo la sukari likae barazani kwa ajili hiyo, na angalau wawili wajue.

Anayemeza vidonge vya kuongeza damu aviache mbali na kahawa kwa saa moja hadi mbili, maana kahawa inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mwenye dawa ya tezi la shingo, levothiroksini, ameze kwa maji, kahawa ingoje dakika 30 hadi 60.

Maneno na mchezo

Saa ya kwanza iwe ya kahawa na habari, mchezo ufuate. Ukianza na mchezo, wawili wanacheza na sita wanatazama migongo. Gazeti lisomwe kwa sauti na mmoja. Hapa Mwalimu amepata kazi yake, naye asome akimwelekea mwenye sikio bovu, ambaye aketi pembeni ili sikio zuri litazame wenzake. Redio izimwe, kwa mzee asiyesikia vizuri, redio inayonong'ona nyuma inafuta kila neno.

Siasa zitakuwepo. Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Unguja, inajulikana kwa kahawa na siasa kwa pamoja, na hakuna baraza ya pwani iliyowahi kuzifukuza. Inatosha kukubaliana kwamba tunabishana kuhusu serikali, bei na mpira, hatubishani kuhusu nyumba ya mtu, mke wake, wala watoto wake. Sauti ikipanda, yeyote anaruhusiwa kusema "mimina kahawa" na mada inabadilika. Vyeo vibaki nyumbani. Aliyekuwa mkuu wa idara akianza kuwaagiza wenzake, apewe zamu ya kuosha vikombe kama wengine, kwa heshima zote.

Jambo moja ni mwiko, na hapo naomba mshikilie: barazani hapakopwi, na hakuna anayetaja kiasi cha kiinua mgongo chake. Mstaafu wa miezi ya kwanza anawindwa. Atakuja mtu na mradi wa kuku, kiwanja cha bei ya kutupa, au simu inayodai kuharakisha malipo ya pensheni kwa ada ndogo. Mtu mwenye pesa mkononi na upweke nyumbani ni rahisi kushawishika. Baraza ina nguvu kubwa hapa ikiweka desturi kwamba kila ofa inasomwa mbele ya wote kabla shilingi haijatoka. Namba ya siri hapewi mtu. Mwenye haraka ya kukataa kuulizwa maswali na wazee wanane amejijibu mwenyewe.

Kwa mchezo, bao linafaa kuliko yote: mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili na washauri wengi wanaoruhusiwa kuguna. Wekeni kikomo cha nusu saa, aliyeshindwa ampishe mwingine. Dhumna inachukua wanne kwa mara moja, ila mezani inapigwa kwa kishindo, na jirani mwenye mtoto mchanga atalalamika kwa haki. Tandikeni gunia au kipande cha zulia. Drafti ni ya wawili walio kimya, nzuri kwa aliyejiunga karibuni ambaye bado hajazoea kuongea.

Mama je?

Mama anastahili asubuhi yake pia, na asiwe mpishi wa baraza ya wanaume. Walimu na wauguzi wanawake waliostaafu nao wanakaa peke yao, isipokuwa wao hawaonekani, kwa sababu nyumba huwapa kazi mpya siku ile ile wanayotoka kazini. Saa yao ni nyingine: saa 4 hadi saa 5:30, vyombo vimeoshwa na chakula cha mchana hakijaanza. Ua uliowashinda wanaume unawafaa wao, maana wenyewe hawaoni tabu kuketi mkekani kati ya nguo zilizoanikwa huku mmoja akichambua mchele. Kuchanga ni kule kule, na nyumba zipokezane kila wiki.

Kuanza upya

Msiwaalike tena wote saba. Baba achague wawili, wale ambao anaweza kukaa nao bila kuongea, akawaone mwenyewe mlangoni kwao. Usiende wewe, wala usipige simu kwa niaba yake. Mzee aliyetafutiwa marafiki na binti yake ataona haya kuliko hata mwanzo. Awaambie maneno machache tu: kesho saa 1:30 nipo pale, kahawa tunachanga. Watatu wakae wiki mbili bila kumwita mtu. Wakipita wengine barabarani watasalimiana, watasimama, siku ya tatu mmoja ataketi. Aliyeketi mwenyewe si mgeni wa mtu.

Kila anayezoea anunue kikombe chake na kukitia alama chini, rangi ya kucha inatosha. Vikombe vyote vikae kwenye sinia moja barazani. Asubuhi mmiminaji anapanga vyote, hata vya ambao hawajafika. Ikifika saa 2:30 kuna kikombe kikavu, atajulikana wa nani. Siku ya kwanza apigiwe simu. Siku ya pili mtu aende mlangoni kwake, na mtu huyo awe wa zamu, jina lake liko kwenye daftari, ili isiwe kazi ya wote ambayo haifanywi na yeyote. Anayesafiri ageuze kikombe chake chini kabla ya kuondoka, wenzake wajue yuko salama.

Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza, mzee atoke nyumbani na vikombe vitatu.